Masomo ya watu wazima: anayeagiza njo mwenye kozi



Katiba ya nchi yetu, ile ya tarehe 18 Februari 2006, iko na kifungu kimoja kifupi ambacho hatukisikii kwenye mikutano ya kampeni. Ni kifungu cha 44. Kinasema kwamba kuondoa hali ya kutojua kusoma na kuandika ni wajibu wa taifa, na kwamba serikali inapaswa kutengeneza programu maalum kwa ajili ya kazi hiyo. Hakisemi ni huruma. Hakisemi ni zawadi ya mtu fulani. Kinasema ni wajibu.

Kifungu cha 204 kinatuonyesha mlango wa kubisha. Kinaorodhesha kazi ambazo ni za jimbo peke yake, na ndani yake kuko masomo ya msingi, ya sekondari, ya ufundi, pamoja na kuwafundisha raia kusoma na kuandika, kwa kufuata kanuni za serikali kuu. Kwa hiyo tangu jimbo la Tanganyika lizaliwe mwaka 2015, Katanga ilipogawanywa, kazi hiyo iko mezani pa watu wanaokaa hapa hapa Kalemie. Si lazima tupande ndege ya Kinshasa kwenda kuiomba.

Sasa fanya kitu kimoja. Uliza kwenye kartie yako: kozi ya mwisho ya watu wazima, nani aliiagiza? Nani aliilipa? Na iliisha kwa sababu gani? Mara nyingi jibu ni moja: “Ilikuwa ya mradi. Mradi uliisha.”

Tunaandika leo kwa sababu ya jibu hilo. Tunasema hivi: kozi ya watu wazima inakufa mapema kila mara anayeiagiza si yule anayesoma, na anayeilipa si yule mwenye wajibu. Anayeagiza njo mwenye kozi. Kama kartie haikuagiza, kozi si yake, na haitailinda.

Ni mambo ya wazee?

Kuko vijana watatuambia: sisi wenyewe tuko na diplome na hatuna kazi, sasa munatuletea mambo ya wazee kusoma a, e, i, o, u? Tuwajibu kwa upole.

Kwanza, si wazee peke yao. Vita kati ya Watwa na Waluba, ambavyo vilianza mwaka 2013 na kuwaka sana tangu 2016, viliwafukuza watu wengi kwenye vijiji vya Nyunzu, Manono, Kabalo, Moba na vijiji vya Kalemie yenyewe. Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka ule, akakimbia na mama yake hadi kwenye kambi kando ya mji, leo ni mtu mzima. Ni wa rika letu. Wakati masomo ya msingi yalipotangazwa kuwa ya bure mwaka 2019, yeye alikuwa tayari anabeba mizigo, ao anauza maji, ao ameolewa. Ubure ule ulimpita. Hawezi kurudi kukaa kwenye benchi na watoto wa miaka 7. Mlango wake ni kozi ya watu wazima, na mlango huo umefungwa.

Pili, kutosoma kunagharimu kila siku, na gharama tunaijua sisi wote. Mama anayeuza ndakala anapokea feza kwenye simu. Hasomi ujumbe. Anampa mtoto wa jirani simu pamoja na namba ya siri, halafu anaomba Mungu. Papa anauziwa kiwanja na anaweka kidole gumba kwenye karatasi. Kesho anaambiwa karatasi ile ilisema kitu kingine. Kipindupindu kinarudi hapa Kalemie kila wakati, sisi watu wa ziwa tunakijua kama jirani mbaya, na dawa ya kusafisha maji iko na maandishi: kiasi gani kwa maji kiasi gani, usubiri dakika ngapi. Asiyesoma anakisia. Siku ya kura, kwenye mashine zile za 2018 na 2023, asiyesoma anamwita mtu amsaidie, na hajui yule mtu amegusa picha ya nani.

Tunapiga kelele juu ya uwazi wa bajeti, juu ya barabara, juu ya maji na umeme. Ni vizuri. Lakini tangazo tunalobandika linasomwa na nani? Raia asiyeweza kusoma hesabu ya komini yake hawezi kumuuliza mkuu wa komini swali la pili. Atauliza la kwanza, atajibiwa kwa karatasi, na mambo yataisha pale.

Namna kozi zinavyoagizwa leo

Hatutaki kutukana mashirika. Kwenye kambi za wakimbizi wa ndani, bila mashirika watu wengi wangekufa. Lakini lazima tuseme namna mambo inaendeshwa.

Mradi unaandikwa mbali. Anayeandika anajua ni miezi mingapi mfadhili atalipa, na kozi inakatwa kulingana na miezi hiyo, hata kama mtu mzima anayefanya kazi mchana kutwa hawezi kujua kusoma kwa miezi ile. Mada imeshachaguliwa: ushonaji, sabuni, kompyuta. Hakuna aliyeuliza kartie kama kuko soko la cherehani zote zile. Kaye, biki na tisheti vinafika. Siku ya kufungua kuko picha na soda. Watu wanahesabiwa wakati wa kuingia: wanawake kadhaa, wanaume kadhaa, vijana kadhaa. Hesabu inaingia kwenye ripoti. Kama mama ameweza kusoma ujumbe wa simu yake mwishoni, si kila ripoti inauliza.

Mwalimu naye analipwa “motisha”. Neno hili tulichunguze vizuri. Motisha si mshahara. Inaweza kuchelewa, inaweza kupunguzwa, na hakuna mahali pa kuidai. Mwalimu mwenye akili anatafuta kazi nyingine kabla mwaka haujaisha. Watu wanakuta mlango umefungwa, wanarudi nyumbani wakisema “tulijua”. Kozi nyingine ikija, inakuta watu waliochoka kudanganywa, na waandishi wa mradi wanaandika kwamba “wanajamii hawana mwamko”. Wapi! Mwamko walikuwa nao. Waliutumia mara ya kwanza, ukaliwa.

Kazi ya serikali yenyewe iko wapi? Kwenye sheria, iko. Sheria ya elimu ya taifa, namba 14/004 ya tarehe 11 Februari 2014, inatambua masomo yasiyo ya shule ya kawaida. Wizara ya mambo ya kijamii iko na jukumu la vituo vya kufundisha kusoma na kuandika na vituo vya kuwarudisha watoto waliokosa shule. Kinachokosekana kati ya sheria na ubao ni mtu mwenye kuagiza na mtu mwenye kulipa.

Kuagiza maana yake nini

Tunaposema kartie iagize, hatusemi watu waandike barua ya kuomba msaada. Tunasema waketi, waseme wanataka kujua nini, saa ngapi, wapi, kwa lugha gani, na watajuaje kwamba wamejua. Maneno hayo yaandikwe, na yule anayechukua kazi ya kufundisha afungwe nayo.

Tuchukue wavuvi. Wale wa mitumbwi ya taa wanavua usiku wakati mwezi haupo, kwa sababu samaki wanafuata mwanga wa taa. Mwezi mpevu ukitoka, taa hazifai, wanapumzika siku kadhaa na kushona nyavu. Mtu wa ofisi akiandika “Jumatatu na Alhamisi, saa nane mchana, mwaka mzima”, mvuvi atakuja wiki mbili na atapotea. Wavuvi wakiagiza wenyewe, wataweka masomo mengi kwenye siku za mwezi mpevu na machache kwenye siku za giza. Haigharimu hata franka moja zaidi. Inaomba tu kwamba aliyeandika ratiba awe ameuliza. Tena ng'ambo, Tanzania ilifunga uvuvi wa ziwa letu tangu tarehe 15 Mei hadi 15 Agosti 2024 ili samaki wazaane. Uvuvi unapofungwa hivyo, mvuvi yuko pwani miezi mitatu bila kazi. Ni muda wa kusoma ambao hakuna bajeti iliyoufikiria.

Wamama wa soko wataomba kitu kingine. Si hadithi ya paka na panya. Wataomba hesabu: bei ya kununua, bei ya kuuza, usafiri, kodi ya soko, kilichobaki. Wataomba kusoma karatasi ya kodi, ili wajue kama waliyotoza ni ile iliyoandikwa. Watu wa taxi-moto wataomba kusoma karatasi za chombo na alama za barabara. Watwa waliokaa kando ya mji wataomba mwalimu mmoja awe wa kwao, na hawatakosea.

Na lugha? Watu waanze kwa Kiswahili. Kifungu cha 1 cha Katiba kinakitaja kati ya lugha nne za taifa. Kwenye ziwa hili watu wamesoma na kuandika Kiswahili tangu misheni ya Mpala, karne ya 19. Mtu mzima akijifunza kusoma kwa lugha anayoota nayo usiku, anashika haraka. Kifaransa kitafuata, na tunakitaka, kwa sababu ofisi bado zinaandika kwa Kifaransa. Lakini kumfundisha mtu kusoma na kumfundisha lugha ngeni kwa saa moja ile ile ni kumbebesha mizigo miwili kwa mgongo mmoja.

Njia hii si ndoto. Huko Bundibugyo, Uganda, karibu kabisa na mpaka wa Congo, kati ya 1993 na 1995 walijaribu namna iliyoitwa REFLECT. Hawakuleta kitabu kilichotengenezwa mbali. Watu walichora ramani ya kijiji chao na kalenda ya kazi zao, wakaanza kusoma kwa maneno ya michoro hiyo. Uganda hiyo hiyo baadaye ilitengeneza programu ya serikali inayoitwa ICOLEW, inayounganisha kusoma, kuweka akiba kwa kikundi na biashara ndogo. Na hapa kwetu Tanganyika, vilabu vya Dimitra vya FAO vilikusanya wanawake na wanaume, Watwa na Waluba, wakachagua wenyewe shida ya kuzungumza na wakaitafutia dawa kwa nguvu zao. Kama watu waliopigana waliweza kuketi na kupanga, kartie ya Kataki ao komini ya Lukuga itashindwa?

Ng'ambo ya ziwa walifanya nini

Ukisimama pwani unajua kwamba mbele yako, upande wa mashariki, kuko Kigoma. Watu wetu wanakwenda na kurudi. Tuangalie basi walichofanya jirani.

Sensa ya 1967 ilikuta karibu watu wazima 67 kwa 100 Tanzania hawajui kusoma. Nyerere alitangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima. Hawakuishia kwenye hotuba. Kufikia 1975, watu zaidi ya milioni 5 walikuwa wamejiandikisha, na mtihani wa taifa wa mwaka ule ulionyesha wasiojua wameshuka hadi karibu 39 kwa 100. Mwaka 1977 walikuwa karibu 27. Mwaka 1986 walikuwa karibu 10. Kwa redio, kampeni ya “Mtu ni Afya” ya 1973 ilikusanya karibu watu milioni 2 kwenye vikundi vya kusikiliza, wakichimba vyoo na kusafisha visima baada ya kila kipindi. Walimu wengi walikuwa wa kujitolea, na posho yao ilikuwa ndogo. Lakini nyuma yao kulikuwa na serikali iliyoagiza, vitabu vya kusoma juu ya pamba, samaki, mahindi, kulingana na kazi ya kila sehemu, na Taasisi ya Elimu ya Watu Wazima iliyowekwa kwa sheria mwaka 1975.

Halafu sehemu ya pili ya hadithi, ambayo watu wanasahau kuisimulia. Feza zilipopungua miaka ya 80 na nguvu ya siasa ikaenda kwingine, hesabu zilirudi nyuma. Sensa ya 2012 ilikuta wanaojua kusoma ni karibu 78 kwa 100, yaani chini ya pale walipokuwa wamefika 1986. Kusoma ni kama shamba. Ukilima msimu mmoja halafu ukaacha, majani yanarudi.

Kwa hiyo jirani anatufundisha mambo mawili. Serikali maskini inaweza, ikiamua. Na ikiacha kulipa, inapoteza hata kile ilichopata.

Feza iko wapi

Hapa njo watatujibu: jimbo halina feza. Tuhesabu basi pamoja.

Kifungu cha 175 cha Katiba kinasema majimbo yapate sehemu ya 40 kwa 100 ya mapato ya taifa, na ishikwe pale pale inapopatikana. Sheria namba 08/016 ya tarehe 7 Oktoba 2008 inasema tena kwamba katika sehemu ya jimbo, 40 kwa 100 ziende kwenye miji, makomini, sekta na usultani. Yaani kwenye kila franka 100 za mapato ya taifa, 40 ni za majimbo, na kati ya hizo 40, franka 16 zingeshuka hadi karibu na mlango wako. Sisi wote tunajua kwamba haifanyiki hivyo. Kinshasa inatuma inachotaka, siku inayotaka, na jimbo linafanya vile vile kwa makomini. Hiyo ni vita nyingine na hatuiachi.

Lakini hata katika feza kidogo inayofika, kuko bajeti. Bajeti inapigiwa kura na Bunge la jimbo, kwenye kikao cha Septemba. Na bajeti njo mahali pekee ambapo serikali inasema ukweli juu ya kile inachopenda. Kama kuko mstari wa safari za wakubwa na mstari wa magari, na hakuna mstari wa kuwafundisha raia kusoma, basi tumeshajibiwa kuhusu kifungu cha 204.

Kozi ya kartie si kitu kikubwa. Inaomba mwalimu mmoja kwa watu 20 ao 25, chumba cha shule ao kanisa ao msikiti ambacho jioni kiko bure, ubao, chaki, taa ya jua, kaye na biki. Gharama kubwa ni moja tu: mshahara wa mwalimu. Na hapa, ninyi wenye diplome mlioko nyumbani, muone kwamba mambo haya yanawahusu. Vijana wanaoweza kufundisha, wanaojua Kiswahili cha hapa na shida za hapa, wako wengi. Hatuombi wafanye kazi ya bure kwa jina la uzalendo. Anayefundisha alipwe.

Lipa, lakini uangalie

Tunajua pia hatari. Mstari wa bajeti bila macho ya watu unakuwa sahani ya mtu. Tutapata wanafunzi hewa, walimu hewa, na vituo ambavyo vinaonekana kwenye karatasi peke yake. Njo maana hatuombi feza tu. Tunaomba namna ya kulipa.

Sheria ya manunuzi ya umma, namba 10/010 ya tarehe 27 Aprili 2010, iko pale ili kazi ya serikali itangazwe na washindane. Ifuatwe kwa masomo pia. Mkataba useme ni kartie gani, watu wangapi, saa ngapi kwa wiki, mwalimu analipwa kiasi gani kwa mwezi. Ubandikwe kwenye ukuta wa komini na usomwe kwa redio za mji, kwa Kiswahili, maana wale wanaohusika hawawezi kusoma ukuta. Feza ilipwe kwa vipande: sehemu ya kwanza ya kuanza, sehemu ya pili kamati ya wanafunzi ikisema kweli masomo yanafanyika, na sehemu ya mwisho baada ya mtihani wa wazi. Mtihani uwe ule ambao kartie iliuchagua wakati wa kuagiza: kusoma ujumbe wa simu, kujaza karatasi ya hospitali, kupiga hesabu ya faida.

Mshahara wa mwalimu usiguswe na vipande hivyo. Utoke kila mwezi. Anayesubiri ni yule aliyechukua mkataba, si yule aliyeshika chaki.

Na tunaongeza onyo. Ukilipa kwa matokeo peke yake, mwenye mkataba atachagua wepesi: wale waliofika darasa la nne, wenye miwani, wanaokaa karibu. Atamwacha bibi wa miaka 60, atamwacha Mtwa, atamwacha mwenye ulemavu, atamwacha mama mwenye mtoto mgongoni. Kwa hiyo mkataba useme nafasi ngapi ni za hao, na malipo yao yawe makubwa zaidi, kwa sababu kazi yao ni kubwa zaidi.

Tunachoomba

Kwa Gavana na serikali ya jimbo: kwenye mradi wa bajeti unaokuja muweke mstari wenye jina lake, masomo ya raia wazima, usiofichwa ndani ya “matumizi mengine”. Kozi zidumu angalau miaka miwili, maana kusoma kunakoota mizizi hakuoti kwa miezi mitatu.

Kwa wabunge wa jimbo: musipige kura ya bajeti isiyo na mstari huo. Na kila mwaka mumuulize waziri anayehusika, mbele ya watu, kituo kimoja kimoja: kilifunguliwa? Mwalimu alilipwa? Watu wangapi wanasoma sasa ambao hawakuwa wanasoma?

Kwa wakuu wa makomini na wa makartie: muite kikao cha kuagiza. Huko Bukavu, baadhi ya makomini walishajaribu kupanga bajeti pamoja na raia. Haiombi amri ya Kinshasa. Inaomba uwanja, viti, na masikio.

Kwa mashirika na wafadhili: endeleeni, lakini musije tena na kozi iliyopikwa. Mukute agizo la kartie, mulilipie, na muandike tangu siku ya kwanza nani atalipa ninyi mukiondoka. Kama hamujui nani, basi mukae na jimbo kwanza kabla ya kununua tisheti.

Kwa makanisa, misikiti, likelemba na vikundi vya akiba: ninyi tayari muko na watu wanaoaminiana na daftari la hesabu. Mutoe chumba. Mutoe mtu mmoja wa kukaa kwenye kamati. Kikundi cha akiba ambamo mtu mmoja peke yake anaweza kusoma daftari kiko hatarini, hata kama yule mtu ni mwaminifu.

Na sisi vijana. Hatutakaa kuandika tu. Kazi yetu ni kupita kartie kwa kartie, kusaidia watu kuandika maagizo yao kwa maneno yao, na kuyapeleka kwenye komini kwa nakala mbili, moja ya kupigwa muhuri, moja ya kurudi nayo. Kikao cha bajeti kikifunguliwa, tutakuwa nje ya Bunge la jimbo, kwa amani, na nakala zile mkononi. Wakituambia hakuna aliyeomba, tutawasomea.

Wewe unayesoma kwenye simu yako, uko na kitu ambacho jirani yako hana. Wiki hii, umsomee mtu mmoja vifungu hivi viwili, cha 44 na cha 204, kwa Kiswahili cha nyumbani. Halafu umuulize swali ambalo pengine hakuna mradi uliwahi kumuuliza: “Mama, wewe ungetaka kujua nini?” Uandike anachojibu. Hilo njo agizo la kwanza.